Madam, ukurasa wa 142 haupo

Jumanne usiku nishapanda kitandani, upepo wetu huu wa Dodoma unagonga bati kama mwenye nyumba anayedai kodi, simu ikalia. Namba ngeni.

"Shikamoo madam, samahani kwa usumbufu. Nimesoma riwaya yako aisee ni balaa, jana sijalala. Ila madam ukurasa wa 142 na 143 haupo, inaruka mpaka 144 Nyemo kashafika kwa mjomba wake na damu mguuni. Naomba nisaidie hapo katikati ilikuwaje."

Sisi waandishi bana, kitu cha kwanza nilifurahi. Kuna mtu kakosa usingizi kwa ajili ya Nyemo wangu! Cha pili ndo nikaogopa, nikajua mitambo ya kiwandani imeruka karatasi, nikaanza kuwaza nakala ngapi zimetoka hivo na nitazirudishaje Dar. Nikamjibu marahaba mwanangu, hebu nipigie picha hapo palipokosekana nione. Akanitumia kitabu kizima. PDF. Kitabu changu mwenyewe, kimepigwa picha na simu kurasa mbili mbili, na kila ukurasa wa kushoto kuna kidole gumba kimekandamiza karatasi, kucha ina rangi nyekundu imeanza kubanduka.

Nikakaa kitako nikakipitia chote, mpaka saa nane. Hicho kidole nakijua sasa kuliko vidole vya wanangu. Ukurasa wa 60 kuna punje ya wali. Kuanzia ukurasa wa 96 kucha haina rangi kabisa, maana yake kazi haikuisha siku moja, mtu kaamka, kafuta rangi, kaoga, kaja kuendelea. Kitabu kina kurasa 220, wa kwanza na wa mwisho kila mmoja na picha yake, kwa hiyo ni picha 111, toa moja aliyoisahau. Picha 110 jamani! Mtu ana simu yenye kamera nzuri namna hiyo, ana muda wa siku mbili, ana bando la kurusha faili, ila hana elfu kumi na tano.

Halafu eti tunaambiwa Watanzania hawapendi kusoma. Wanapenda bana, wasikudanganye. Hawapendi kununua.

Nyie mnaonifahamu mnajua kila mwisho wa mwezi naweka stetasi vitabu vitano vya kusoma. Nilianza nikiwa bado nafundisha, wanafunzi wakimaliza Form Four wanauliza madam sasa tusome nini ambacho hakina maswali mwishoni, maana mtoto kasoma Takadini na Watoto wa Mama N'tilie kwa ajili ya mtihani mpaka anaamini riwaya ni kitu cha kuchambulia dhamira na mandhari. Mwezi uliopita nikaweka hivi. Kuli ya Adam Shafi, ya 1979, wapagazi wa bandarini Unguja na mgomo wa 1948, ukiimaliza hutomwangalia tena mbeba mzigo wa pale soko la Majengo kama ulivyokuwa ukimwangalia. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ambayo baada ya kutoka 1971 ilifungiwa mashuleni, na ukimkataza mtoto kitabu ujue umekipigia debe. Peponi ya Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kwa sababu niliona aibu mzee kapata Nobel 2021 sisi tunashangilia kwenye redio na hatujamsoma hata ukurasa. Njama ya Elvis Musiba, hiyo nitairudia. Na cha tano Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili cha Mathias Mnyampala, kwa sababu ya wivu tu wa nyumbani: huyu mzee alizaliwa 1917 upande wa Ihumwa, Mgogo wetu kabisa, kaandika mashairi, kaandika historia na mila za Wagogo, na kila asubuhi maelfu ya watumishi wanapita Ihumwa kwenda Mtumba mji wa serikali, muulize mmoja wao Mnyampala ni nani akwambie ni kituo cha daladala.

Majibu yalikuja 38. Nilihesabu, ndio, nina hiyo tabia. Watu 29 waliandika "naomba PDF" au "PDF yake madam" au "pdf" peke yake bila hata salamu. Wawili waliuliza vinapatikana wapi. Mmoja akauliza bei ya gauni nililovaa, na huyo namheshimu kwa sababu yeye angalau alikuwa na nia ya kutoa hela. Wengine makofi na vikopa.

Na hawa 29 sio wanafunzi. Ningewaelewa. Mmoja ni bosi wa ofisi fulani, anashuka kwenye gari ambalo tairi lake moja tu lingechapisha riwaya nzima. Juzi kati nilikutana naye kwenye harusi kachangia laki tatu bila kukunja uso, kreti ya bia kwake ni salamu. Lakini kitabu! Kitabu kwake ni kitu kama maji ya mvua, kinatakiwa kidondoke chenyewe.

Sasa niwaambie kitabu kinavyodondoka. Riwaya yangu ya kwanza niliipeleka kwa mchapishaji mmoja Dar, ikakaa miaka mitatu. Mwaka wa tatu wakanipigia nikaona nimeula. Mrabaha asilimia 10, kitabu kinauzwa elfu nane, kwa hiyo kila nakala mimi napata mia nane, ambayo hata bodaboda kutoka Area C hadi mjini inanicheka. Mwaka wa kwanza taarifa ikaja zimeuzwa nakala 212. Piga hesabu mwenyewe mie nilishapiga nikalia. Ya pili nikasema naichapa mwenyewe, nikachukua mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, milioni tatu, ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, nikaifuatilia Maktaba, nikachapa nakala 500 kwa elfu sita kila moja, na hiyo ndo milioni tatu yote imeisha kabla kitabu hakijapanda basi. Mhariri nilimlipa kwa mashine ya kushonea, sitanii. Maboksi yakaja na basi, nikaenda kuyapokea stendi Nzuguni, konda akaniuliza mama hii ni sabuni?

Duka la vitabu nikaenda. Mali kauli, ukitaka. Yaani unawaachia mzigo, wakiuza wanakata asilimia 40, halafu unaanza kufuatilia hela yako kama unaomba msaada. Kwenye shelfu wamejaza vitabu vya shule, madaftari, na vile vya namna ya kuwa tajiri ndani ya siku thelathini. Riwaya zangu wakaziweka chini karibu na ndoo ya kudekia.

Basi hela ya VICOBA nimeirudisha na riba yake, kwa kuuza mkono kwa mkono, kanisani, msibani (ndio, msibani, siku ya tatu watu wakishaanza kucheka), kwenye vikao vya wazazi. Faida bado iko chini ya kitanda, maboksi manne. Na kidole chenye kucha nyekundu kinazunguka bure.

Lakini sio hicho kilichonifanya niandike leo, kwa kweli kwangu mimi ningepiga kelele nikanyamaza. Kuna mdogo wangu mmoja, sio wa damu, ni wa kalamu tu, yuko upande wa Singida. Kaandika riwaya nzuri mno, ya kwanza, ya mama mkunga anayeanza kupoteza kumbukumbu. Nilipoisoma nilikasirika kwa wivu nusu siku. Alichapa nakala 300 kwa hela ya alizeti. Mwaka jana nikaiweka kwenye vitabu vyangu vitano, tena ya kwanza, nikaandika kwa herufi kubwa HII MSIIKOSE na namba yake ya simu. Wiki ya kwanza akauza nakala 40, alinipigia analia, kuku kaniletea mpaka hapa kwa basi. Wiki ya pili zikatoka sita. Wiki ya tatu hakuna, na mie wiki hiyo hiyo nikatumiwa riwaya yake kwenye grupu la wazazi wa darasa la mwanangu, PDF, na maneno yangu mimi yamenakiliwa juu yake: HII MSIIKOSE.

Yaani tangazo la wizi wameandika kwa mkono wangu.

Nikampigia kumuomba radhi. Yule binti ana adabu kupita kiasi, hakunilaumu hata kidogo, akasema "Madam ulinisaidia sana na nashukuru, ila nikitoa cha pili naomba usinitaje." Simu ilipokatika nilikaa jikoni nikaangalia mlenda unavyoungua.

Tangu siku hiyo, kama mmegundua, vitabu vitano vyangu vimekuwa vya wazee na marehemu. Kezilahabi katutoka 2020, Musiba 2010, Mnyampala 1969. Niliona hao angalau hawatanipigia simu. Na hapo najidanganya kwa sababu Adam Shafi nimemtaja, mfasiri wa Peponi nimemtaja, na marehemu nao wana watoto na wajukuu, na mchapishaji akiona kitabu cha marehemu hakiuziki hakichapi tena, afu mnakuja kuniuliza mbona havipatikani.

Haya, najua mnachotaka kusema. Havipatikani, ndio. Nakubali, kwa shingo upande. Mtu yuko Mpwapwa au Kondoa ndani huko, riwaya ya elfu kumi na tano nauli yake ya kuifuata ni zaidi ya riwaya yenyewe, na maktaba ya karibu ndo hivo tena. Mwanafunzi wa UDOM, chuo kikuu chetu hapa Dodoma, anayekula mara moja kwa siku siwezi kumwambia habari za hakimiliki na sheria ya 1999, atanitazama tu. Na mwenzenu sio malaika. Nikiwa chuo nilitoa kopi kitabu kizima kwenye stationari, hamsini kwa ukurasa, nikakibana na spairo kabisa, ninacho mpaka leo kabatini na siwezi kumwonesha mgeni. Tofauti yake ni kwamba ile kopi ilikaa kwangu, haikuzaa. Hii PDF unaituma kwa mmoja usiku, asubuhi ina wajukuu Mombasa. Lakini sawa, wizi ni wizi, nimeshasema.

Na ile Njama niliyosema nitairudia. Niliisoma bweni, nakala ya kaka wa rafiki yangu, haina jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa na mtu, wanasema alivutia tumbaku. Miaka sita sikujua Willy Gamba, yule mpelelezi wa Musiba, alimaliza vipi. Miaka sita! Nilikuwa najitungia miisho yangu kitandani, kila usiku mwingine, na nadhani ndo hapo ugonjwa huu wa kuandika ulinianza. Kwa hiyo mtu akiniambia madam kurasa mbili hazipo namwelewa kuliko anavyodhani, inawasha kama upupu.

Wale waliouliza vinapatikana wapi, wawili nyie, mbarikiwe. Tafuteni kwanza kwa wachapishaji wenyewe, Mkuki na Nyota kwa Peponi, wanapokea oda, na siku hizi mzigo unakuja na basi mpaka Nzuguni bila shida. Vile vya zamani nendeni kwa wauza vitabu vya mitumba, mkiwa Dar piteni pale Posta wanapopanga chini, unaweza ukaokota Musiba kwa bei ya chipsi. Changeni hata watu watano mnunue kimoja mzungushane, mimi hilo halinikeri hata chembe, kitabu kimoja kusomwa na ukoo mzima mpaka kiishe jalada ni heshima. Na mwandishi akiwa hai, mnunulieni yeye mwenyewe. Mdogo wangu wa Singida ana nakala kibao zimebaki, ila simtaji, kaniomba.

Turudi kwa kijana wangu wa Jumanne. Nilimwandikia saa nane hiyo hiyo ya usiku, macho yameniiva. Nikamwambia mwanangu, ukurasa wa 142 na 143 ninao, nauuza elfu kumi na tano, na zile kurasa zingine 218 nakupa bure humo humo.

Tiki mbili za bluu. Kimya. Jumatano kimya. Alhamisi nikajisemea nimempoteza msomaji kwa kiburi changu, na nusu nilitaka nimsimulie tu yaishe, maana damu ile mguuni kwa kweli ndo sehemu niliyoiandika mara kumi na moja.

Jana mchana kapiga simu. "Shikamoo madam, niko hapa Nyerere Square na boda, nielekeze kwako. Ila madam, hakuna punguzo?"

Nimempunguzia buku.