Fremu za ikona: kutia dhahabu upya au kutunza iliyopo?

Fremu ya mbao ya ikona, yaani picha takatifu, iliyochongwa mizabibu na kutiwa dhahabu karne mbili zilizopita haikosi majeraha: imebanduka pembeni, imeshika moshi wa mishumaa, jani moja limekatika. Katika makanisa ya Kiorthodoksi hapo ndipo ubishi huanza. Waumini wanataka ing'ae kama siku ya kwanza. Wahifadhi wanataka iguswe kidogo iwezekanavyo.

Waumini wana hoja nzito. Kwao dhahabu ni ishara ya nuru ya mbinguni, wala si pambo la kujionyesha. Ikona hubusiwa, huwashiwa mishumaa, hubebwa kwenye maandamano. Haikutengenezwa ikae ndani ya kabati la kioo. Urusi ina kidonda cha ziada: chini ya utawala wa Kisovyeti, kuta za ikona za makanisa mengi, zile zilizojaa ikona mbele ya madhabahu, zilivunjwa, na nyingine zikachomwa ili dhahabu itolewe kwenye majivu. Parokia iliyorudishiwa kanisa tupu huwezi kuiambia kirahisi kwamba mbao iliyobabuka nayo ina uzuri wake.

Wahifadhi huegemea Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa uhifadhi. Uliandikwa kwa ajili ya majengo na maeneo ya kale, lakini mafundi wa fremu nao huufuata. Kifungu cha 9 kinataka ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza. Cha 12 kinataka kiungo kipya kipatane na vilivyopo, ila kisijifanye cha kale.

Ningewaunga mkono waumini moja kwa moja kama si chaki. Fundi hatii dhahabu juu ya mbao tupu. Hupaka kwanza chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi au ya samaki, tabaka juu ya tabaka, mpaka michongo inapoteza makali yake. Ikikauka, huchukua vyuma vidogo na kuchonga tena ndani ya chaki yenyewe: mishipa ya jani, punje za zabibu, mikunjo ya utepe. Ndipo hufuata udongo mwekundu laini, kisha dhahabu iliyofuliwa hadi unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na mwisho husuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka iwake. Kwa hiyo anayekwangua chaki ya zamani ili aanze upya anaondoa sehemu ya uchongaji, na anayeongeza nyingine juu yake anaufukia. Dhahabu itang'aa kweli, lakini jani litakuwa limevimba kama andazi.

Adui mbaya zaidi ni rangi ya kopo inayoitwa ya dhahabu. Ni unga wa shaba na zinki, na baada ya miaka hugeuka kahawia au kijani. Mara nyingi chini yake dhahabu halisi bado ipo, na fundi mvumilivu anaweza kuifikia kwa viyeyusho visivyo na maji. Maji ndiyo hatari: gundi huyeyuka, na mhudumu anayefuta vumbi kwa kitambaa kibichi huondoka na dhahabu.

Mjini Saint Petersburg, ukuta wa ikona wa Kanisa Kuu la Petro na Paulo, uliobuniwa na Ivan Zarudny miaka ya 1720, uko ndani ya jengo ambalo ni makumbusho na bado lina ibada. Pande zote mbili zina haki mahali hapo.

Mimi ningesema hivi: palipobanduka pagandishwe, moshi uondolewe, na dhahabu mpya itiwe pale tu mbao ilipobaki wazi. Jani lililokatika lichongwe upya ikiwa pacha wake yupo upande wa pili. Kama hayupo, pengo libaki. Kuhusu kuisugua dhahabu mpya hadi udongo mwekundu uchungulie, ili isiipigie kelele ya zamani, wapo wanaoiita ghushi. Mimi sioni ubaya, mradi picha za kabla ya kazi zitunzwe na nyuma ya fremu paandikwe nini kimebadilishwa na mwaka gani.