Brembo Kichwa Chini, Miguu Juu

Hakuna kinachokusanya watu Tabora kama gari lililopandishwa juu ya stendi, ndani yake mtu anapampu breki na breki haipandi. Ajali ya baiskeli watu huitazama wakapita. Lakini kwa pedali inayozama kila mtu ana dawa yake, na kila mtu anataka kuijaribu kwa mguu wake mwenyewe.

Gari lilikuwa Subaru Impreza WRX, ile ya bodi ya GDA, na mwenyewe ni kijana wa biashara ya asali, anaikusanya Sikonge na kuipakia kwenda Dar. Msimu ulimnyookea, akaamua atalipeleka gari Kenya, uwanja wa Whistling Morans pale Athi River, akazunguke na wenzake wa Nairobi. Akataka breki zenye diski kubwa, na mimi fundi wake nikamweleza kabla hajanunua chochote. Ukifunga breki mara moja barabarani, diski kubwa haikupunguzii hata hatua mbili, maana kinacholishika gari chini ni tairi. Diski kubwa kazi yake ni kubeba joto. Gari la kilo 1,400 likishuka kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60, nguvu inayogeuka joto inatosha kuchemsha lita tatu na nusu za maji kutoka ubaridi wa mtungini. Hiyo ni kona moja tu, na kona inayofuata haikusubiri upoe. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya unyevu wa hewa yanashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, na mguu unakuta sakafu. Kwa hiyo, bosi, anza na DOT 4 mbichi na pedi zinazostahimili joto, endesha msimu mmoja, halafu tuongee habari ya diski.

Akanisikiliza kwa adabu sana, kisha akaenda kununua Brembo, breki kubwa za Kiitaliano.

Zilikuja na basi kutoka Gerezani, Dar, zimefungwa ndani ya kiroba: kalipa mbili za mbele, yaani vile vibanio vya pedi, za STI, toleo kali la WRX, pistoni nne kila moja, zimepigwa rangi ya dhahabu upya, pamoja na diski mpya za milimita 326 kwa unene wa 30. Kwenye shingo ya diski kumegongwa namba ya mwisho wa kutumika, milimita 28, na ndiyo namba ya kuangalia kwanza kama unanunua za mtumba. Mapanga ya ndani ya diski zile, yale ya kupitisha hewa, yalikuwa yamenyooka, kwa hiyo hazina kushoto wala kulia. Zenye mapanga yaliyopinda ndizo zenye upande: ukiangalia sehemu ya juu ya diski ikiwa garini, panga linatoka katikati likilala kuelekea nyuma ya gari. Watu wengi huangalia mifereji iliyochongwa usoni, na ile haikwambii kitu.

Breki za nyuma tuliziacha kama zilivyo. Za STI nyuma zinakuja na ngoma ya handbreki ya milimita 190, na WRX ina 170, sasa hapo unabadilisha mpaka mabati ya nyuma na viatu vyake. Nilimwonya kwamba breki kubwa mbele peke yake inahamishia kazi mbele, ABS, ile inayozuia tairi lisikwame, itaingia mapema. Akasema za nyuma zinangoja nyuki.

Rimu zake za inchi 16 hazikuingia kabisa, ikabidi atafute za 17. Hata 17 si zote: mguu wa rimu unaweza kugusa kalipa ingawa kipenyo kinatosha. Unabandika kidonge cha udongo laini usoni kwa kalipa, unafunga rimu, unaizungusha taratibu, unaitoa, unapima unene uliobaki. Ukibaki chini ya milimita tatu, tafuta rimu nyingine.

Diski za zamani zilikuwa zimeoana kwa kutu na habu, kitako ambacho diski na tairi hufungwa juu yake. Kijana wangu wa gereji alishainua nyundo. Nikamwonyesha yale matundu mawili yenye uzi pale katikati ya diski: unaingiza bolti mbili za M8, uzi wa 1.25, unakaza kwa zamu, robo huku robo kule, diski inajitoa bila matusi. Habu tukaisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu kutu ya unene wa milimita 0.05 pale katikati inazidi mara mbili ikifika ukingoni mwa diski ya 326, halafu mtu anasema diski imepinda. Bati la vumbi lilikuwa dogo kwa diski mpya, nikalikata ukingo kwa mkasi wa bati. Diski zikakaa.

Hapo ndipo simu ikaita kutoka Urambo: Fuso ya tumbaku imelala barabarani na gia boksi imegoma. Nikawaachia maagizo yasiyo na fumbo. Zimebaki kalipa mbili, bolti mbili kila moja. Mpira wa breki ufungwe kwa washa mpya za shaba, zile pete bapa, moja kila upande wa kichwa cha mpira, zile za zamani msizirudishe. Lita moja ya DOT 4 iko kabatini. Toeni upepo, na gari lisiteremshwe mpaka nirudi.

Yaliyofuata nimesimuliwa na watu wengi, na kila msimuliaji anajiweka yeye katikati.

Muuzaji alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya mifuko, mmoja KUSHOTO, mwingine KULIA. Bosi akafuata maandishi. Kwa kuwa mafuta ya breki yanakula rangi, na dhahabu ile aliipenda kuliko gari lenyewe, akazivisha kalipa nailoni na kuzizungushia selotepu, akaacha wazi skrubu za kutolea upepo tu. Wazo zuri kabisa, ningempa maksi. Zilipofungwa, skrubu zikawa zinatazama chini. Kijana wangu akauliza kama hiyo ni sawa. Bosi akamjibu, "Mafuta si yanashuka? Hata oili ya injini inamwagwa kwa chini." Kijana akaona hoja ina mashiko.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili wanaoelewana. Wa ndani anapampu mara tatu taratibu, anashikilia. Wa nje anafungua skrubu robo mzunguko, mafuta na mapovu yanapita kwenye kimpira cha plastiki ambacho ncha yake imezama ndani ya chupa yenye mafuta kidogo, anafunga, ndipo anatoa ruhusa mguu uachie. Ukiachia kabla hajafunga, pedali inavuta upepo kurudi ndani. Pale gerejini mazungumzo yakawa hivi:

"Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

"Mbona hakuna nguvu?"

"Niliachia kidogo nikupe nafasi."

Bosi akachoka mguu. Akaingia bodaboda wa kijiwe cha jirani, akapampu kama anawasha pikipiki. Akaingia mwingine. Mama lishe akaleta chai na ushauri kwamba gari lipumzishwe. Mtu mmoja akashauri waweke DOT 5, maana tano ni kubwa kuliko nne. Mungu akasaidia haikupatikana dukani: ile ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine, na 5.1 ni kitu kingine kabisa. Lita yangu ilipoisha wakanunua DOT 3 za chupa ndogo, duka baada ya duka, na zilipoisha nazo wakaanza kurudisha juu yale yaliyotoka chini, yana povu kama dafu. Wakati mmoja hakuna aliyekumbuka kichupa cha juu, kikakauka kabisa, na masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta, ikanywa hewa tupu.

Ndipo likaja wazo la kumwita fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Hoja ilikuwa na uzito: mtu aliyekanyaga cherehani tangu ujana wake ana mguu usiochoka. Mzee akavua ndara, akakaa kwenye kiti cha Subaru, akakanyaga kwa mwendo wake uleule wa kazini, tii-tii-tii-tii, bila kusita. Wakampigia kelele, "Mzee wetu, shikilia!" Akawajibu bila kupunguza mwendo kwamba ukisimama katikati ya mshono uzi unakatika.

Niliporudi nikakuta umati. Nikaweka mguu: pedali ikashuka laini mpaka kwenye kapeti kama inasema karibu. Hakuna tone lililovuja popote. Masta silinda ikiwa imekufa, pedali hupanda ukipampu kisha huzama polepole unaposhikilia. Hii ilikuwa inadunda kama mpira, na huo ni upepo. Nikainama upande wa dereva, nikaona skrubu mbili zinanitazama kutoka chini. Nikachana nailoni.

Mchora mabango mmoja, mtu mzima asiyejua lolote kuhusu breki, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Samahani fundi, sipendi kuingilia kazi za watu," akasema. "Huyo aliyeandika hapo amegeuza herufi zote."

BREMBO ilikuwa imelala kichwa chini, miguu juu. Upande wa pili vilevile.

Bosi akaitazama muda mrefu. "Labda huko Italia ndivyo wanavyoziandika."

Kalipa ya kushoto ukiifunga kulia inaingia bila ubishi, matundu ya bolti yanalingana. Ila inageuka juu chini, na skrubu za upepo zinakuwa bondeni. Hewa ni nyepesi, inapanda kwenye tumbo la kalipa na kukaa huko juu, mafuta yanapita chini yake na kutoka nje. Unaweza kumwaga pipa zima. Tabora nzima ingepampu mpaka mvua za masika, lile povu lingebaki pale pale.

Tukampigia simu muuzaji, tukaweka spika. Akashangaa sana. "Mbona nimeandika vizuri? Hiyo kushoto ni kushoto kwangu, nikiwa nimesimama mbele ya gari." Nikamwambia kushoto kwa gari ni kushoto kwa aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele. Huko alikosimama yeye, hata usukani wa Subaru ya Japani uko kushoto. Akasema ameelewa. Kisha akauliza kama tunataka na za nyuma.

Kuna aliyependekeza tusihangaike: tuzifungue, tuzishike skrubu zikiwa juu, tutoe upepo hivyohivyo, tuzirudishe. Upepo ungetoka kweli, mradi kibao kinene kiwekwe katikati pistoni zisiruke. Lakini pistoni za Brembo hizi hazilingani. Ndogo inakaa pale diski inapoingilia kwenye pedi, kubwa pale inapotokea, ili pedi iliwe sawasawa. Ukizigeuza, pedi inaliwa mshazari kama kisigino cha kiatu cha mlevi. Zikabadilishana pande.

Kazi yenyewe haikumaliza saa moja. Washa za shaba mpya tena, maana zile zilishabanwa. Kalipa ikifunguliwa haining'inizwi kwa mpira wake, inafungwa waya kwenye springi. Mafuta yote ya mchanganyiko nikayatoa, nikaanza na DOT 4 ya chupa iliyofungwa. Skrubu ya nje kwanza, kisha ya ndani, kichupa cha juu kisishuke chini ya alama. Kwenye pedali nikamweka kijana wangu peke yake, na fundi cherehani nikamshukuru kwa heshima zote. Pedali ikasimama juu, ngumu kama jiwe. Umati ukapiga makofi, kisha ukataka soda.

Kesho yake tukatoka barabara ya Nzega kuzoeza pedi na diski. Ni pale ambapo lami imenyooka na hakuna mtu nyuma: kutoka kilomita 100 mpaka kama 20, breki ya nguvu lakini si ya kukwama, usisimame kabisa, ongeza mwendo tena, mara nane hadi kumi. Katikati utasikia harufu kali na utaona moshi, ni gundi ya pedi inaungua, acha iungue. Baada ya hapo unaendesha robo saa bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama na mguu umekaza wakati diski ni moto, pedi inaacha alama yake usoni kwa diski, na mtikisiko unaanza hapo.

Zilishika vizuri ajabu. Mwendesha baiskeli mmoja aliyebeba mkaa alipoona moshi akatupungia mikono yote miwili, nusura aingie mtaroni. Tulipokuwa tunazipoza, tairi la mbele kushoto likaokota msumari.

Bosi akafungua buti, akatoa spea. Ile nyembamba ya WRX, ya inchi 16. Akaipeleka kwenye habu, ikagonga dhahabu. Akaigeuza, ikagonga. Akaizungusha akitafuta mahali penye unafuu, kana kwamba duara lina pembe. Nikamwambia aweke mawe kwenye matairi ya upande wa pili. Tukainua nyuma kwanza, maana huko breki ni za zamani na spea inaingia: tairi la nyuma tukalitoa, spea ikakaa mahali pake, kisha lile la 17 likaja mbele. Spea ile imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, lakini kwenye gari linalovuta miguu yote minne, tairi moja likiwa na kipenyo tofauti, difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inasaga muda wote, kwa hiyo tulirudi mjini kwa 50. Lori la tumbaku likatupita.

Njia nzima alikuwa kimya, akitafuta kitu kwenye simu. Tulipofika raundabauti akaniuliza kama spea ya inchi 17 inapatikana ya rangi ya dhahabu.