Magari yakishapita chini, barabara ya juu ni ya nani?

Handaki la barabara katikati ya mji huuzwa kwa ahadi moja tamu: magari yatapita chini, mji utapumua juu. Ahadi hiyo si ya kubeza. Boston, Marekani, ilikuwa na barabara ya njia sita iliyoinuliwa juu ya nguzo, iliyokamilika 1959 na kuukata mji mapande mawili. Ujenzi wa kuizamisha ulianza 1991, na mahali ilipopita leo pana bustani ndefu. Madrid nayo ilizamisha kipande cha barabara ya M-30 kandokando ya mto Manzanares kati ya 2004 na 2007, wakazi wakarudishiwa mto wao.

Gharama ndiyo hutajwa kwanza na wapinzani. Boston ilianza na makadirio ya chini ya dola bilioni 3, ikamaliza kwa zaidi ya bilioni 14. Hata ukitoa mfumuko wa bei, pengo hilo linatisha. Seattle, pia Marekani, mashine ya kuchimba handaki ilikwama ardhini mwishoni mwa 2013, ikakaa karibu miaka miwili.

Mimi fedha hazinisumbui sana kama kile kinachobaki juu. Ukichimba handaki ukaiacha barabara ya zamani na upana wake uleule, umeongeza tu nafasi ya magari, na nafasi hiyo hujaa. Foleni itarudi, safari hii ghorofa mbili.

Sydney ililijua hilo. Handaki lake la kuvuka katikati ya mji lilipofunguliwa 2005, baadhi ya barabara zilizobaki juu ya ardhi zilibanwa, yaani nafasi ya magari ilipunguzwa. Madereva walikuja juu: waliona wanasukumwa chini wakalipe tozo ya kampuni binafsi. Makadirio yalikuwa magari 90,000 kwa siku. Yaliyofika yalikuwa kama theluthi tu. Mwishoni mwa 2006 kampuni ikawa mikononi mwa wasimamizi wa wadai, na baadhi ya barabara zikafunguliwa tena. Kubana barabara kulikuwa sahihi, naamini. Kosa ni kwamba mwenda kwa miguu na abiria wa basi hawakuonekana kuwa ndio wanaofaidika.

Na Seoul je? Kati ya 2003 na 2005 ilibomoa barabara ya nguzo ya Cheonggyecheon, ikaufukua mto uliokuwa chini yake, ikapanga upya mabasi. Handaki halikuchimbwa, na maafa ya foleni yaliyotabiriwa hayakutokea. Mfano huo unanifanya nisite kila nikisikia handaki limeitwa njia pekee.

Lakini lori la kontena halina basi la kupanda. Hapo Dublin, Ireland, inanishawishi zaidi. Handaki lake la bandari lilifunguliwa Desemba 2006: malori yanapita bure, magari madogo yanalipa. Miezi michache baadaye, malori ya ekseli tano na zaidi yakapigwa marufuku kuingia katikati ya mji mchana bila kibali.