Gift Ngoepe hakufeli, tuheshimiane

Juzi kwenye mabishano ya michezo jamaa mmoja akadai Gift Ngoepe, mchezaji wa besiboli wa Afrika Kusini, alifeli, eti mechi 41 tu kwenye ligi kuu ya besiboli Marekani afu kwisha habari yake. Imeniuma sana.

Hivi watu wanajua alikotoka? Mamake alikuwa anafanya kazi kwenye klabu ya besiboli ya Randburg, kule Johannesburg, na walikuwa wanaishi kwenye chumba humo humo klabuni, yani dogo akifungua mlango tu uwanja huo hapo. Na mdogo wake Victor naye alikuja kusajiliwa Marekani, mtoto wa mama yule yule. Gift mwenyewe alisajiliwa na Pittsburgh Pirates, timu ya ligi kuu, 2008 akiwa na miaka 18, akaanza kusota ligi za chini, mshahara mdogo, safari za mabasi haziishi, mwaka 2013 mamake akafariki kabla hajamwona akifika, na bado jamaa hakuacha.

Tarehe 26 Aprili 2017 ndo akaitwa, wanacheza na Chicago Cubs mabingwa watetezi, anayerusha ni Jon Lester, mtu ana pete 3 za ubingwa, yani katwaa ubingwa mara 3. Zamu yake ya kwanza kabisa Gift akaupiga, akafika beisi ya kwanza, kituo cha kwanza cha kukimbilia. Ligi ipo tangu 1876 na hakuna mtu aliyezaliwa na kukulia Afrika aliyewahi kuicheza kabla yake! Mimi hapo nilitoa machozi kweli.

Haya, kupiga kulimsumbua. Wastani wa .222 Pittsburgh, yani kama mara 22 tu kati ya 100 ndo alipiga akafika beisi, na alipohamia timu ya Toronto 2018 ikawa mbaya zaidi, hilo siwezi kulikataa. Ila kwenye kudaka alikuwa fundi, na ndo kilichomfikisha pale.

Lakini mnamlinganisha na nani? Timu zote 30 za ligi kuu zina akademi, yani shule za kulea vipaji, Jamhuri ya Dominika, mtoto wa kule anazoea mipira ya kasi toka mdogo, analishwa, anafundishwa, anaangaliwa na maskauti, wale wasaka vipaji, kila wiki. Afrika hawajajenga hata moja ya hivyo. Gift mipira ya aina hiyo ameanza kukutana nayo kila siku akiwa mtu mzima tayari, sasa unategemea apige kama waliolelewa nayo? Anayetaka Mwafrika apige .300, kiwango cha wapigaji wazuri, aziulize kwanza hizo timu 30 akademi ya Afrika inajengwa lini, Gift muacheni.