Msomi Akianza Kuongelea Kila Kitu, Mimi Huanza Kuogopa

Juni 2021 wakati korona ya aina ya Delta ilitushika vibaya huku Nyanza, kafyu ya saa moja jioni kwa kaunti 13 na Kisumu ikiwa ndani, binamu yangu wa boda pale Kondele alikuja kwangu na kichupa cha dawa ya minyoo ya ng'ombe, ametoa kwa agroveti, anataka kuwapelekea wazazi wake ati iwakinge na korona. Nikamuuliza nani amekuambia. Akanitolea simu, vidio refu ajabu, Mzungu mmoja anaongea pole pole kama mtu anayekuhurumia. "Huyu si wa kuforwadi WhatsApp. Huyu ni mwanasayansi, na vile alisema ukweli wakamfukuza chuo."

Alikuwa Bret Weinstein. Na ni kweli ana PhD, lakini ni ya baiolojia ya mageuzi, si ya kutibu watu. Hakufukuzwa pia. Alijiuzulu Evergreen kule Marekani 2017 baada ya mzozo na wanafunzi, na chuo kikakubali kumlipa yeye na mkewe dola 500,000. Lakini hiyo hadithi ya kuonewa ndiyo ilimfanya binamu aamini, na hapo ndipo nilianza kuwaangalia vizuri hawa wasomi wa mtandaoni wanaoongelea kila kitu, juu wote wako na hadithi kama hiyo. Daktari akimkosoa, daktari amenunuliwa, gazeti likimkosoa, gazeti linaogopa, sasa wewe msikilizaji utamshika wapi? Pasta tunamjua, akikwambia panda mbegu unajua uko kanisani. Huyu anakuja na maneno ya maabara na wewe unadhani uko darasani.

Kinachoniuma ni kwamba dawa yenyewe iliyokuwa kwa hicho kichupa, ivermektini, ni nzuri. Walioigundua walipewa tuzo ya Nobel 2015, imeokoa macho ya watu wengi Afrika, na hapa kwetu Kenya, kule Kwale, watafiti waliwapa watu maelfu wakapima, ikapunguza maambukizi mapya ya malaria kwa watoto kwa asilimia 26, hata na neti zikiwepo. Asilimia 26! Hawakusema imemaliza malaria. Kwa korona nayo ilipimwa Brazil kwa wagonjwa zaidi ya 1,300, matokeo yakatoka 2022, haikuwapunguzia kulazwa. Hivyo ndivyo kazi hufanywa, unapima halafu unakubali chenye umepata hata kama hukukitaka.

Jordan Peterson, yule mwanasaikolojia wa Kanada, pia ni hivyo. Mambo ya saikolojia alisomea na alifundisha Toronto, hapo mimi namsikiliza, kuna vijana amewasaidia kuamka asubuhi na sitamnyima hiyo. Lakini Januari 2022 alikaa kwa podikasti ya Joe Rogan, Mmarekani mwenye wasikilizaji wengi, akaanza kueleza kwa nini modeli za tabianchi, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri vile hali ya hewa itabadilika, haziaminiki, ati tabianchi ni kila kitu na huwezi kuweka kila kitu kwa modeli. Sasa mwambie hayo mtu wa Dunga, pale ziwani Kisumu, aliyeona ziwa likiingia mpaka kwa hoteli za samaki 2020, au mama wa Nyando anayehama na watoto na kuku kila mvua ikizidi. Wanaosomea mvua na ziwa wapo, na wao wakikosea kuna mwenzao wa kuwarekebisha. Huyu akikosea nani anamrekebisha, na watu mamilioni wameshasikia?

Binamu sikumshinda kwa maneno, alienda na kichupa chake. Baba yake, yaani mjomba wangu, ndiye alikikataa. Akakishika, akasoma karatasi, akamwambia, "Hii nimedunga ng'ombe miaka ishirini, na kila mmoja nakadiria uzito kwanza. Huyo mwalimu wako ameuliza mimi nina kilo ngapi?" Kijana akanyamaza. Kesho yake wakakiweka kwa shelfu ya zizini, kando ya dawa ya kupe.