Wilder Alikopa Jukwaa, Hakukopa Shaka

Our Town ya Thornton Wilder husifiwa kama tamthilia ya Kimarekani tupu. Mimi naona nusu yake ni ya Roma. Wilder aliishi huko mwaka 1920 hadi 1921, akaiona tamthilia ya Luigi Pirandello, Sei personaggi in cerca d'autore (Wahusika Sita Wanaomtafuta Mwandishi), ingali mpya. Ilizinduliwa Teatro Valle tarehe 9 Mei 1921. Watazamaji wakapiga kelele kwamba hii ni hospitali ya vichaa, na Pirandello akaondoka kwa mlango wa pembeni.

Linganisha maelekezo ya mwanzo. Kwa Pirandello, hadhira inakuta pazia limeshafunguliwa, hakuna mandhari, jukwaa tupu na karibu giza, kama lilivyo mchana kabla ya mazoezi. Kwa Wilder, 1938: hakuna pazia, hakuna mandhari, jukwaa tupu kwenye mwanga hafifu. (Alichota pia kwenye tamthilia ya Kichina, lakini hilo halifuti deni la kwanza.)

Tofauti iko kwa anayelishika jukwaa. Kiongozi wa mazoezi wa Pirandello hajui lolote. Wahusika sita wanamvamia, na waigizaji wake wakijaribu kuigiza kisa chao, Baba na Binti wa Kambo wanapinga: sivyo ilivyokuwa. Msimamizi wa Jukwaa wa Wilder, mhusika anayetusimulia kisa, anajua yote. Anatuambia Daktari Gibbs alikufa 1930, kisha daktari huyohuyo anaingia akitoka kuzalisha mapacha, asubuhi ya 1901. Utupu uliowakera watu wa Roma, huku unatuliza, mpaka makaburini kwenye tendo la mwisho.

Waongozaji wengi huuogopa utupu huo. Wilder anataka meza mbili, viti, ngazi mbili za vijana majirani George na Emily kuzungumza dirisha kwa dirisha, na viti kumi au kumi na viwili kuwa makaburi. Maharage humenywa hewani, bila kitu mkononi. Ukileta vikombe halisi tendo la kwanza, mtazamaji ataanza kutafuta jiko. Na mlango wa hewani usipowekewa alama sakafuni wakati wa mazoezi, mwigizaji mmoja ataufungua na mwenzake atapita ukutani. Hadhira itacheka pasipotakiwa.

Mwongozaji David Cromer alivunja kanuni hii Chicago mwaka 2008 na kufaulu. Emily, aliyekwisha kufa, aliporudi kuishi tena siku moja ya maisha yake, lilifunuliwa jiko halisi, nyama ikikaangwa, harufu ikaenea ukumbini. Isingewezekana kama matendo mawili ya kwanza yangekuwa na hata sufuria moja.