Paneli ya sola ya kupinda au ya kioo? Paa la gari ndilo liamue

Hiace iliyong'olewa viti vya abiria na kuwekewa kitanda, friji ndogo na jiko la gesi si kitu cha kushangaza tena kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kisumu. Wenye magari haya hulala kando ya Ziwa Baringo, kwenye msitu wa Kakamega, au Dunga ziwa likiwa mbele yao, na wote hukutana na swali moja: gari likizimwa, umeme wa friji na taa utatoka wapi? Jibu ni sola, na hapo hapana ubishi. Ubishi huanza paneli inapochaguliwa. Kuna ile ya kawaida ya kioo yenye fremu ya aluminiamu, inayofungwa kwa bolti juu ya keria. Kuna na ile nyembamba ya plastiki, unene wake milimita 2 au 3, inayopindika kidogo na kubandikwa kwa gundi moja kwa moja kwenye paa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Gari lenye paa la chuma na keria nzuri liwekewe kioo. Gari la kitalii ambalo paa lake huinuliwa liwekewe ya kupinda, na hapo sina wasiwasi. Kinachonisumbua ni kwamba sababu zinazotajwa sana madukani na kwa mafundi, za upande huu na ule, mara nyingi sizo zinazofaa kuamua.

Tuanze na uzito, maana ndio sifa ya kwanza ya paneli ya kupinda. Ni kweli kabisa kwamba ni nyepesi. Paneli ya kioo ya wati 100 ina kilo 6 hadi 8. Ya kupinda yenye nguvu hiyohiyo ina kilo 2 au zaidi kidogo. Lakini safari ya kawaida inahitaji paneli ngapi? Friji ya kompresa ya volti 12 hula takriban wati 45 inapofanya kazi, na kwa kuwa hupumzika kila mara, hesabu wati-saa 400 hivi kwa siku, zaidi kidogo ukiwa kwenye joto la Kisumu kuliko baridi ya Timboroa. Ongeza taa, simu na kompyuta ya mkononi, unafika 600. Paneli za jumla ya wati 200, zikipata jua kali la saa 5 kwa siku na ukiondoa theluthi inayopotea kwa joto, vumbi na nyaya, huleta karibu 650. Kwa hiyo tunazungumzia paneli mbili tu. Ukichagua kioo umeongeza kilo 10 hivi juu ya paa, yaani nusu ya mtungi mmoja wa maji wa lita 20. Gari la tani mbili halitatambua. Anayeambiwa atapunguza sana mafuta kwa kuchagua paneli nyepesi aulize swali hilo mara ya pili.

Joto ndiyo hoja kubwa ya upande wa kioo, na hapa pia watu hutia chumvi, ingawa kiini cha hoja ni sahihi. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli, yaani vile vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, ikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi moja ikipanda juu ya hapo, paneli hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake. Chukua adhuhuri ya Kisumu, hewa ikiwa nyuzi 30. Seli za paneli ya kioo iliyoinuliwa juu ya keria, upepo ukipita chini yake, zinaweza kufika nyuzi 55. Za paneli iliyobandikwa kwenye bati lililoshinda juani, tuseme 75. Ya kwanza imepoteza asilimia 12, ya pili asilimia 20. Tofauti ya wati 8 katika 100 si ndogo, lakini haitoshi kumkatisha mtu tamaa. Mwenye nafasi juu ya paa anaweza kuifidia kwa kununua paneli kubwa kidogo.

Hasara yenyewe huja polepole. Seli ya silikoni ina unene usiofika robo milimita, na ni kitu kigumu kinachovunjika, hakipindiki kwa asili yake. Kwenye paneli ya kawaida inalindwa na kioo kigumu ambacho hakiiruhusu kucheza. Kwenye paneli ya kupinda imelazwa kati ya tabaka za plastiki, kwa hiyo paa likitikisika kwenye barabara ya makorongo, nayo hutikisika. Mchana bati hutanuka, usiku wa baridi wa Mau Summit hunywea, na kazi hiyo huendelea kila siku. Nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho hutokea, viungo vya risasi kati ya seli hulegea, na sehemu iliyolegea huzidi kupata moto kuliko jirani zake. Hapo ndipo joto la kubandikwa kwenye bati linapouma: linaharakisha kuzeeka kwa kitu ambacho tayari ni dhaifu. Ndiyo maana watengenezaji wa paneli za kioo huthubutu kutoa dhamana ya uzalishaji ya miaka 25, ilhali dhamana ya zile za kupinda kwa kawaida ni mwaka 1 hadi 5. Mtengenezaji anaijua bidhaa yake, na ukitaka kulinganisha bei, gawanya kila bei kwa miaka ya dhamana kwanza.

Lipo na jambo ambalo sisikii likitajwa. Paneli iliyoinuliwa ni kivuli. Paa lililo chini yake halipigwi na jua, na chumba cha kulala kinapoa. Paneli iliyobandikwa hufanya kinyume, maana ni nyeusi na joto lake huingia ndani. Kwa anayelala Nakuru, mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, pengine haina uzito. Kwa anayeegesha Kisumu, chini kule kwenye mita 1,130, na mtoto analala mchana ndani ya gari, ni jambo la kutazamwa.

Sasa upande wa pili, nao una hoja mbili nzito.

Ya kwanza ni mvua. Kanda hii hainyeshewi kwa adabu. Kericho na Kakamega zinaweza kupata ngurumo na mvua kubwa alasiri hata asubuhi ikiwa imeanza bila wingu. Kila tundu linalotobolewa kwenye paa ni mlango wa maji, na maji yakishaingia kati ya bati na mbao za ndani, kutu huanza mahali usipopaona. Paneli ya kubandika haihitaji tundu hata moja isipokuwa la waya, na hata hilo linaweza kupitishwa mlango wa nyuma. Kwa gari lisilo na keria wala mfereji wa kushikia keria, hoja hii nusura inishinde. Bado nasema keria ya kushika kwenye mfereji ndiyo suluhisho, lakini si kila gari lina mfereji. Na wezi wasisahaulike: bolti nne hufunguliwa kwa spana, ilhali paneli iliyoshikwa na gundi nzuri haitoki nzima.

Ya pili ni lile paa la kuinuliwa, na hapa ningependa wauzaji wa kioo wasikilize. Nakuru ina vani za kitalii nyingi, zile ambazo dereva akishapita lango la Lanet au Nderit kwenye mbuga ya Ziwa Nakuru, husukuma paa juu kwa mikono ili wageni wasimame na kutazama vifaru. Wengine wananunua magari haya yakiwa yamestaafu kazi ya utalii na kuyafanya ya kulala, na ni uamuzi mzuri, maana ukiinua paa unaweza kusimama wima ndani. Lakini paa lenyewe limeshikwa na bawaba na vyuma vyembamba vilivyotengenezwa kubeba uzito wake tu. Ongeza kilo 15 za kioo na fremu zake, na mtu mmoja hataliinua bila kuteseka. Likiachwa wazi gari likitembea taratibu kwenye barabara ya mashimo, uzito ule wa juu hupiga nyundo kwenye bawaba kila gurudumu linapoingia shimoni. Kilo 10 nilizozidharau kwenye Hiace ya paa la chuma, hapa ndizo zinazoamua. Paneli ya kupinda iliwekwa duniani kwa ajili ya paa kama hili, na mwenye gari hilo akubali kwamba ataibadilisha mapema kuliko angebadilisha kioo.

Akubali, lakini asibandike ovyo. Kati ya paneli na paa aweke shiti ya polikaboneti yenye matundu marefu ndani, ile inayouzwa kwa ajili ya kuezekea sehemu za kupitisha mwanga. Ya milimita 10 inatosha. Matundu yaelekee mbele na nyuma ya gari, ili upepo wa mwendo upite ndani yake, na ukingo wa mbele uwekewe kipande cha aluminiamu kilicholala mteremko, upepo usije ukaingia chini na kung'oa kila kitu. Shiti hiyo hupoza paneli, huizuia kupindapinda, na siku ya kuibadilisha unang'oa plastiki badala ya rangi ya gari. Waya nao uwe wa nyuzi nyingi nyembamba na uachiwe ulegevu kwenye bawaba, kwa sababu waya mgumu ukikunjwa kila siku mahali palepale utakatika ndani ya ganda lake na fundi atatafuta kosa kwingine. Fyuzi iwe karibu na betri.

Kulala tambarare juu ya paa, jambo linalolalamikiwa sana na watu wa Ulaya kuhusu paneli za kubandika, kwetu halina uzito. Ikweta inapita Maseno na Mogotio, jua letu liko utosini, na paneli iliyolala hupata karibu yote inayoweza kupata. Kinachobaki ni vumbi, na vumbi la Nakuru si la mchezo. Kioo kinavumilia kufutwa. Plastiki haivumilii, ukiifuta kavu kwa kitambaa, kila punje huacha mkwaruzo na baada ya muda uso hupata ukungu. Imwagiwe maji kwanza. Na wakati wa kununua, uliza uso ni wa plastiki gani: ya ETFE hudumu juani vizuri kuliko ya PET, ambayo hugeuka njano na kuchubuka.

Kuhusu mvua ya mawe, ambayo wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaijua vizuri, ushindi ni wa kioo, kinyume na watu wanavyodhani. Paneli ya kioo inayofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 61215 hupimwa kwa kupigwa na barafu ya milimita 25 kwa kasi ya zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Na kikivunjika, unaona. Plastiki haivunjiki, ila seli chini yake hupasuka kimya na wewe unaendelea na safari.

Basi, atakayeamua kununua, ya aina yoyote, aende dukani na mita yake ya kupimia umeme na futi ya kupimia urefu. Jua likiwa kali, kila mita ya mraba hupokea takriban wati 1,000, na seli nzuri za siku hizi hugeuza karibu asilimia 20 kuwa umeme. Kwa hiyo wati 100 zinahitaji kama nusu mita ya mraba. Paneli ya mita moja kwa nusu mita iliyobandikwa karatasi ya "200W" inadanganya, na haihitaji mtaalamu kuigundua. Muuzaji akikuonyesha mita inasoma volti 20, mshukuru lakini usilipe bado, kwa sababu volti hupatikana hata kwenye mwanga hafifu na hata seli zikiwa na nyufa. Toeni paneli nje saa sita mchana, mita iwekwe kwenye ampea 10 za DC, ncha zake ziguswe kwenye nyaya za paneli. Ya wati 100 ya volti 12 inapaswa kuonyesha kati ya ampea 5 na 6. Ikionyesha 3 juani, irudishwe rafuni.

Namba hiyo iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika pembeni ya kisanduku cha nyaya, pamoja na tarehe. Mwenye paneli ya kupinda aipime tena kila baada ya miezi michache, jua likiwa lilelile la adhuhuri na uso ukiwa umeoshwa, kisha apitishe kiganja juu yake taratibu akitafuta sehemu yenye moto kuliko nyingine. Ampea zikishuka kwa robo, au likionekana doa la kahawia juu ya seli, hasa kwenye paa la faiba lenye mbao na sponji kwa ndani, paneli hiyo ichomolewe siku hiyohiyo, kwa hofu ya moto, hata kama betri bado inajaa.